Viatu vya ncha kwa watoto wa klabu za shule: motisha au balaa?

Uyole: Wadau, hoja ni hii: shule zetu za Mbeya na Iringa zikianzisha klabu za baleti, mtoto wa miaka 10 apewe viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, ili asikimbie? Nasema apewe. Plie (kukunja magoti) na tandu (kunyoosha mguu ukiuburuza sakafuni) mwaka mzima, umeshika bomba la ukutani, zinachosha. Mtoto anataka kuona anakokwenda.

Kihesa: Mkuu, anayeanza habaki kwa ajili ya kiatu. Anabaki kwa sababu ya muziki, rafiki yake wa pembeni na mwalimu anayemjua kwa jina. Aliyecheza miaka mitatu minne ndiye anayetaka ngazi za kuhesabika. Kwake mitihani ya madaraja, kama ile ya Royal Academy of Dance, taasisi ya dansi ya Uingereza, ina maana. Aliyebobea ndo usiseme, hata makofi hayamtoshi. Anarudi kesho kwa sababu pirueti, ule mzunguko wa mguu mmoja, imeegea nyuma, na anajua kisigino cha mguu wa kusimamia kilichelewa kuinuka.

Mwanjelwa: Na kiatu chenyewe mnakijua? Ile ncha ngumu ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Mtoto asiyeweza kuinua kisigino kwa mguu mmoja mara 20 mfululizo, goti limenyooka na kifundo hakiyumbi, atazama ndani yake: vidole vinajikunja, ukucha wa kidole gumba unakuwa mweusi, kifundo kinalalia nje. Kwa kawaida husubiriwa miaka 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi. Mkimvalisha kabla, ataacha kwa maumivu, halafu mtasema hakuwa na hamu.

Uyole: Sasa hela iende wapi?

Kihesa: Kwenye sakafu. Kuruka juu ya saruji kunaleta maumivu ya muundi. Paina ya Mafinga ipo: laza papi za inchi 2x2 kila sentimita 40, chini yake vipande vya mpira, juu plaiwudi ya milimita 18. Msipake nta, watateleza. Na hao wa miaka 10 wapeni mapigo 8 ya muziki wapange hatua zao wenyewe, muone kama watatoroka.

Mwanjelwa: Julai baridi ya huku siyo ya mchezo. Miili ipashwe moto dakika 15 kabla ya kunyoosha miguu.

Uyole: Sakafu nimekubali. Ila mwenye miaka 12 aliyefikisha hizo mara 20 msimcheleweshe kwa woga wenu.

Mwanjelwa: Huyo avae. Dakika 10 za mwisho wa kipindi, mikono yote miwili kwenye bomba.