Naomba ushauri: maombi ya kikao cha bodi yamegeuka kampeni

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi ya chuo cha ufundi cha umma hapa Kenya. Vikao hufunguliwa kwa maombi ya Kikristo. Mimi ni Mwislamu, huinamisha kichwa tu. Lakini mwezi jana aliyeomba alimtaja mwanasiasa kwa jina, akamwombea ushindi 2027, wakaitikia "Amina!" huku suala la karo likingoja. Iliniuma sana. Nilimwendea mwenyekiti faraghani, akasema, "Kijana, maombi hayapingwi." Katiba, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa, ya 32 inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake.

Je, nimwandikie katibu wa bodi, au kwanza nipendekeze kila mmoja aombe kimyakimya? Na nikitoka nje wakati wa maombi, nitaandikwa kwamba sikuhudhuria?