Van Halen: The Best of Both Worlds ni mkusanyiko wa hovyo, acheni kuwapa vijana kama mlango wa kuingilia

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Kila kijana akiuliza humu aanzie wapi na Van Halen, hakosekani mtu wa kumjibu: chukua The Best of Both Worlds ya 2004, CD mbili, nyimbo 36, kila kitu kimo. Si kweli! Kila kitu hakimo, na kilichomo kimepangwa kana kwamba mpangaji hakuwahi kuisikiliza hii bendi hata siku moja.

Kwa wageni wa roki ngumu: Van Halen ilikuwa bendi ya Pasadena, California. Ndugu wawili, Eddie kwenye gitaa na Alex kwenye ngoma, familia yao ilihama kutoka Uholanzi kwenda Marekani mwaka 1962. Eddie umeshamsikia hata kama hujui, lile gitaa linalopasua katikati ya Beat It ya Michael Jackson ni lake. Albamu ya kwanza ilitoka 1978, mwimbaji akiwa David Lee Roth. 1985 Roth akaondoka, akaingia Sammy Hagar. 1996 Hagar naye akatoka, na nafasi yake akaja kuishika Gary Cherone wa bendi ya Extreme. Waimbaji watatu hao. Naomba mkumbuke ni watatu.

Haya, weka CD ya kwanza. Inafungua na Eruption, gitaa tupu kwa chini ya dakika mbili, vidole vya mikono yote miwili vinagonga nyuzi. Wapiga gitaa wa dunia nzima walirudi chumbani kujifunza upya kwa sababu ya kipande hiki. Sasa kwenye albamu ya 1978, Eruption ikikatika tu, You Really Got Me inadaka palepale. Ndivyo zilivyorekodiwa kukaa, na redio zilizoea kuzipiga kwa mfululizo. Anayeipenda bendi hii, Eruption ikiisha mwili wake unajua kinachokuja.

Humu kinakuja nini? It's About Time, wimbo wa 2004. Halafu Up for Breakfast, wa 2004. Halafu Learning to See, wa 2004. Zote tatu Hagar. Ain't Talkin' 'bout Love imesubirishwa mpaka namba tano, na You Really Got Me imetupwa namba saba. Nyimbo tano zimeingizwa kati ya vitu viwili ambavyo hata mtoto angesikia kwamba ni kitu kimoja. Mimi hili naliita dharau, sina jina lingine.

Sina ugomvi na nyimbo mpya kuwepo. Best Of Volume I, mkusanyiko wao wa 1996, nayo ilikuwa na mbili mpya za Roth, lakini zilikaa mwisho, mahali pake, baada ya nyimbo kutembea mwaka kwa mwaka kuanzia 1978. Unaisikiliza unawasikia watu wanakua. Hii ya 2004 imechanganya Roth, Hagar, Roth, Hagar kutoka mwanzo hadi mwisho. Jump ya 1984, inafuata Top of the World ya 1991, unarudishwa 1982 kwa Pretty Woman, unarushwa tena 1986 kwa Love Walks In. Kijana mgeni atajuaje kwamba kinanda kilishika hatamu kwenye Jump na I'll Wait, kikazidi kutawala kwenye albamu ya 5150 ya 1986, kisha mwaka 1991 Eddie akalirudisha gitaa mbele kwenye Poundcake, tena kwa kulisogezea drili ya umeme? Hiyo ndiyo hadithi yenyewe ya bendi, na mkusanyiko umeikatakata vipande.

Tuje kwa Cherone. Nyimbo zake humu: hakuna. Hata mmoja. Najua Van Halen III haipendwi, na mimi sisemi ni albamu bora. Lakini ni albamu ya bendi, ya 1998, na Without You ulifika namba moja kwenye chati ya roki ya Billboard. Unatoa mkusanyiko wa safari nzima halafu unamfuta binadamu aliyeimba albamu kamili na kuzunguka na bendi kwenye matamasha? Kwenye nyimbo 36 nafasi moja ilikosekana kweli?

Na msiniambie nafasi ilikosekana, kwa sababu hapa ndipo ninapopandwa na hasira zaidi. CD ya pili inaanza na Panama ya Roth. CD hiyohiyo, karibu na mwisho, Panama inarudi! Zamu hii ni ya jukwaani, anaimba Hagar. Kabla yake Ain't Talkin' 'bout Love ya jukwaani, Hagar. Baada yake Jump ya jukwaani, Hagar, na mkusanyiko unafungwa hapo. Nafasi tatu zimetumika kurudia nyimbo ambazo tayari zimo, akiimba mtu ambaye si zake, kutoka albamu ya matamasha ya 1993 ambayo aliyeitaka alishainunua. Ukitaka nikwambie ulikuwa ujumbe kwa Roth, nitakwambia ndiyo, maana 2004 ndio mwaka Hagar alirudi na bendi ikazunguka naye.

Wakati huohuo Mean Street haimo. Fair Warning ya 1981, albamu nzito kuliko zote za Roth, imepewa wimbo mmoja tu, Unchained. Lakini Pretty Woman na Dancing in the Street, nyimbo za watu wengine, zimo zote mbili. Humans Being ya 1996 haimo. Zile mbili za Roth za 1996 hazimo. Kwa hiyo mwenye kutaka picha kamili inabidi anunue na Volume I pia, ambayo Volume II yake hatukuiona kamwe.

Kuhusu Michael Anthony, mpiga besi wa bendi, nitasema kidogo tu: kwenye zile nyimbo tatu mpya besi alipiga Eddie mwenyewe, Anthony akabaki kuitikia. Sauti yake ya juu ndiyo iliyoipa bendi hii viitikio vyake tangu siku ya kwanza. Alistahili zaidi.

Baada ya hapo Roth alirudi 2007, ikaja A Different Kind of Truth mwaka 2012, na Eddie akafariki tarehe 6 Oktoba 2020. Yote hayo mkusanyiko huu hauyajui, ila bado ndio mnaowaelekeza watu.

Kijana unayesoma, anza na albamu ya 1978 yenyewe, nenda Fair Warning, ile albamu iitwayo 1984, 5150, kisha For Unlawful Carnal Knowledge, kwa mpangilio huohuo.

Na nyie mashabiki wa Hagar, najua mnakuja. Karibuni. Simchukii Hagar, Dreams naipenda sana. Ila kabla hamjanitukana, nijibuni kwanza kwa nini Panama iko mara mbili kwenye CD moja.