Tupeane uzoefu: kadi yako ya kwanza ya mkopo uliipataje, na inakusaidia nini?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Mwezi uliopita nilikuwa Johannesburg, gari la kukodi nimeshaliagiza mtandaoni. Kufika kaunta dada ananiomba kadi ya mkopo yenye jina langu. Nikatoa Visa yangu kwa mbwembwe. Akaigeuza, akaona ni debiti, ya kukata hela yangu mwenyewe benki, akanirudishia. Hela imo, ila hawaitaki! Siku nne nikapanda teksi. Nauza vipuri Kariakoo, salari slipu sina. Wenye nazo mlipitia wapi?

Mzawa wa Tabora:
Pole mkuu. Huku Houston, Marekani, bila hiyo kadi ni kama hujazaliwa. Hata kupanga nyumba wanaangalia alama zako za mkopo, yaani unavyolipa madeni, zinaanzia 300 hadi 850, na mgeni hana hata moja. Nilianza na kadi ya dhamana: niliweka benki dola 300, nikapewa kikomo cha hizo hizo 300. Naijazia mafuta tu, sivuki dola 90, taarifa ya mwezi ikitoka nalipa yote. Una siku zisizopungua 21 za kulipa, na ukimaliza deni lote hudaiwi riba hata senti. Hizo alama, maarufu ni za FICO, zinataka akaunti ifikishe miezi sita, usichungulie kila asubuhi kama mimi. Mwaka wa pili nikarudishiwa 300 zangu.

Mama Pacha, Nairobi:
Mimi niliitishwa payslip za miezi mitatu, stetimenti na PIN ya KRA (ya kodi), kisha wakacheki jina CRB, wanaoweka rekodi za wadaiwa. Kumbe kuna mkopo wa simu niliusahau! Nikalipa kwanza. Kosa kubwa lilikuja baadaye: nilitoa pesa ATM kwa hiyo kadi. Wacha! Ada papo hapo, riba nayo ikaanza siku ile ile.

Kijana wa Kisauni:
Na riba mmeihalalisha lini?

Mama Pacha, Nairobi:
Ukilipa yote kwa wakati hakuna riba, kakangu.

Kijana wa Kisauni:
Sharti la riba limo kwenye mkataba uliotia sahihi. Nabaki na debiti yangu.

Baba Nyamizi:
Niko Minneapolis. Mwizi alinunua viatu vya dola 640 kwa namba ya kadi yangu. Nikapiga simu, deni likafutwa. Sheria ya huku ya mwaka 1970 inasema hasara yako haizidi dola 50. Rafiki yangu yalimkuta kwenye debiti, kodi ya nyumba ikiwa humo. Akarudishiwa, lakini wiki mbili alikula kwangu.

Muuza vitenge:
Mleta mada, hata mie slipu sina. Benki ilizuia fiksi yangu (akiba ya muda maalumu) ya milioni 5, kadi ikapewa kikomo cha milioni 4. Nilipeleka NIDA, TIN na leseni. Wa dirishani alinikatalia katakata kwamba hakuna kitu kama hicho. Meneja wa tawi ndiye aliyenipa fomu. Panda juu.

Mleta mada:
Nashukuru dada. Wa Houston, binti yangu anakuja chuo huko, ana miaka 19. Naye atapewa?

Mzawa wa Tabora:
Chini ya miaka 21 sheria inataka awe na kipato chake au mtu wa kusaini naye. Akipata kazi ya hapo chuoni, ataombea namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) na kipato ndicho hicho. Aanze na dhamana ya dola 200. Na kadi asimwazime mwenzake wa chumbani, hata ya kuagizia pizza.