MREJESHO: Papa wa kukaanga kwa mtindo wa Cádiz

Wakuu, niliuliza namna ya kupika papa mbichi kama wanavyofanya Cádiz, kusini mwa Hispania (wenyewe wanaita cazón en adobo), bila nyumba nzima kunuka. Nimepika, ahsanteni.

Harufu ile hutokana na urea iliyo kwenye nyama ya papa; akishakufa hugeuka amonia. Kwa hiyo aliyesisitiza nimnuse kwanza palepale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Nilimkata vipande vidogo, nikavilaza kwenye friji usiku kucha na siki, maji kidogo, kitunguu saumu cha kutwanga, bizari nyembamba, oregano, paprika na chumvi. Asubuhi vilikuwa vyekundu-vyekundu, vimekaza. Chuja vizuri, pakaza unga wa ngano, kung'uta, kisha tumbukiza kwenye mafuta mengi yaliyochemka, vichache vichache, la sivyo vinanyonya mafuta.

Ganda kavu, ndani laini, na ukali wa siki unakuja mwishoni. Mama mkwe, mtu wa Tanga aliyezoea papa mkavu wa nazi, alisema siki imezidi. Sahani aliimaliza lakini!

Aliyeshauri nikamulie na ndimu juu, hapana bwana, siki inatosha. Na kwa aliyeuliza kuhusu samaki aina ya taa, naye anafaa.