Naomba ushauri: kunakili data mfululizo kati ya seva mbili za Linux

Mleta uzi
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia mfumo wa mauzo wa duka la dawa za jumla hapa Mwanza. Seva ni Debian 12 yenye PostgreSQL 15 (mfumo wa hifadhidata), pamoja na folda kubwa ya picha za risiti. Bakapu huenda kila usiku kwa rsync (programu ya kunakili faili) hadi seva ya tawi la Geita. Diski ikifa saa kumi jioni, mauzo ya kutwa nzima yamepotea. Nafikiria kuiweka rsync kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) kila dakika, inakili na /var/lib/postgresql, folda ya data ya PostgreSQL. Kuna jamaa kanishauri DRBD, inayonakili diski kupitia mtandao. Kipi kinafaa? Intaneti kati ya matawi hukatika sana.

#2
Mkuu, usiinakili folda ya PostgreSQL kwa rsync huku hifadhidata inafanya kazi. Rsync husoma faili moja baada ya jingine. Ikifika la mwisho, la kwanza limeshabadilika. Nakala hiyo huenda isiwake kabisa siku unayoihitaji.

PostgreSQL ina njia yake tangu toleo la 9.0, mwaka 2010. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye WAL (kumbukumbu ya mabadiliko), na seva ya pili huipokea WAL hiyo mfululizo. Unganisha matawi kwa WireGuard (VPN), tengeneza mtumiaji mwenye ruhusa ya REPLICATION, mruhusu kwenye pg_hba.conf (faili la ruhusa za kuunganisha), rekebisha listen_addresses (anwani ambazo PostgreSQL inasikiliza). Kisha Geita, folda ikiwa tupu:

`pg_basebackup -h 10.0.0.1 -U nakala -D /var/lib/postgresql/15/main -R -C -S geita -P`

Hiyo -R inakuwekea standby.signal na maelezo ya kuunganisha.

#3
Niongezee kwenye -S, inayotaja sloti, yaani alama ya WAL ambayo Geita imefikia. Sloti inaizuia Mwanza kufuta WAL ambayo Geita haijapokea. Kwa intaneti ya kukatika ni msaada mkubwa, ila Geita ikizimika muda mrefu, WAL itarundikana mpaka diski ya Mwanza ijae na mauzo yasimame. Weka max_slot_wal_keep_size, kikomo cha WAL ambayo sloti inaweza kuitunza. Kikomo kikipitwa, utaanza upya na pg_basebackup. Afadhali hivyo kuliko duka kufungwa.

DRBD achana nayo kwa umbali huo. Itifaki yake C husubiri diski ya upande wa pili ithibitishe kila uandishi. Hiyo ni ya seva zilizo chumba kimoja.

Mleta uzi
Nashukuru sana wakuu. Picha je? Na bakapu ya usiku niisitishe?

#2
Picha tumia lsyncd. Inasikiliza kerneli (kiini cha Linux) kupitia inotify, inayotoa taarifa faili likibadilika, inakusanya mabadiliko kwa sekunde chache, kisha inaita rsync. Folda ndogo zikiwa nyingi, ongeza fs.inotify.max_user_watches, kikomo cha folda zinazofuatiliwa. Weka pia `delete = false`, maana kwa kawaida yake picha ikifutwa Mwanza inafutwa na Geita.

Bakapu usisitishe hata siku moja! Mtu akifuta jedwali Mwanza, Geita nako linafutika papo hapo. Ila badala ya rsync tumia pg_dump (hutoa data ya hifadhidata kwenye faili), na utunze nakala za siku kadhaa.

#4
Mkuu, usiiachie Geita ijipandishe yenyewe kuwa seva kuu. Mtandao ukikatika itadhani Mwanza imekufa, na seva zote mbili zitapokea mauzo tofauti. Kuyaunganisha baadaye ni mateso. Mtu ahakikishe kwanza Mwanza imezimwa, ndipo Geita aandike `pg_ctlcluster 15 main promote`. Lijaribu zoezi hilo siku ya mapumziko, na kila asubuhi tazama pg_stat_replication kwenye PostgreSQL ya Mwanza uone Geita imebaki nyuma kiasi gani.