Mjadala: Setilaiti za Ulaya, picha zibaki wazi au zifungwe kwa ajili ya ulinzi?

Mleta Mada
Machi 2025 Marekani ilisitisha kwa muda akaunti ambazo Ukraine ilikuwa ikipatia picha za setilaiti za kampuni ya Maxar. Tangu hapo hoja ya Ulaya kuwa na macho yake angani, makali na ya siri, imepata nguvu sana. Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya, una huduma sita, na mbili ndizo zinazotuhusu hapa. Ya dharura huchora ramani za mafuriko, moto na matetemeko. Ya usalama inahudumia Frontex, shirika la Umoja la mipaka, EMSA, shirika la usalama wa baharini lililoko Lisbon, na SatCen, kituo cha picha za setilaiti kilichoko Torrejón karibu na Madrid, kwa shughuli za nje ya Umoja. Picha za Sentinel, setilaiti za mpango huo, anapakua yeyote, bure. Fedha zikielekezwa kwenye ulinzi, picha hizo ziendelee kuwa wazi? Naona ziendelee. Leteni hoja, na vipimo pia.

Mlinzi wa Anga
Vipimo hivi hapa. Sentinel-2, inayopiga picha za kawaida za mwanga, inaona mita 10 kwa pikseli, yaani nukta moja ya picha. Lori la jeshi halijazi hata pikseli moja. Sentinel-1, ya rada, katika hali yake ya kawaida inafagia ukanda wa kilomita 250, ila ukali wake ni mita 5 kwa 20. Kujua ndege gani imeegeshwa uwanjani kunataka sentimita 30 hadi 50, yaani picha za kununua kama za setilaiti za Pléiades Neo. Halafu kuna ratiba. Sentinel-1 hupita mida ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa saa za jua za mahali, na njia yake haina siri. Anayeficha msafara atautoa saa 3 asubuhi. Tunahitaji setilaiti nyingi ndogo, na hata oda za picha zisionekane: ukijua Ulaya inapiga picha wapi, umejua inahofia nini.

Fundi Rada
Kwa uwanja wa ndege nakubali. Kwa mafuriko, hapana. Chukua bonde la Thessaly, Ugiriki, Septemba 2023, baada ya dhoruba Daniel. Kazi hiyo ilipewa namba EMSR692. Utaratibu ni huu: mamlaka yenye idhini hutuma ombi kwa ERCC, kituo cha uratibu wa dharura kilichoko Brussels, kinachofanya kazi saa 24. Wachambuzi huangalia setilaiti ipi itapita mapema, na mawingu yakitanda rada ndiyo tegemeo. Kisha hutafutwa picha ya kabla ya tukio: njia ileile, uelekeo uleule, pembe ileile. Ukilinganisha picha ya setilaiti ikienda kaskazini na ya ikishuka kusini, vivuli vya milima vinageuka kuwa maji. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi ya rada upande wa pili, ndiyo maana huonekana meusi. Unapima kilichogeuka cheusi, unaondoa miteremko mikali, ramani inatoka.

Makosa huingia hapo. Upepo ukichafua uso wa maji, yanang'aa na programu inayahesabu nchi kavu. Lami na njia ya kurukia ndege ni nyeusi hata kukiwa kukavu. Thessaly ni bonde la pamba: shina likisimama ndani ya maji, wimbi linaweza kudunda majini, kugonga shina na kurudi na nguvu, shamba lililozama likaonekana halina tatizo. Kuta za mjini hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mtaa uliofurika ndio rahisi kukosekana kwenye ramani, na ndiko watu waliko. Picha kali peke yake haitibu hayo. Inayosaidia ni akiba ya picha za zamani za mahali hapohapo, misimu yote. Sentinel hupiga hata pasipo tukio. Setilaiti ya kuagizwa hupiga ilipotumwa tu, hivyo siku ya maafa huenda isiwe na picha ya kabla.

Tena, Sentinel-1B, mojawapo ya Sentinel-1 mbili, ilipoharibika Desemba 2021 kwa hitilafu ya umeme, muda wa kupiga tena picha mahali palepale ulitoka siku 6 hadi 12, na mbadala wake, Sentinel-1C, ilirushwa Desemba 2024. Miaka mitatu! Fedha za ulinzi zinunue setilaiti ya akiba kwanza.

Sheria za Bahari
Mnazungumzia kuona. Mimi nauliza nani atakagua baada ya kuona. Tarehe 13 Juni 2023 ndege ya Frontex iliiona meli ya Adriana, imejaa wahamiaji hadi sitahani. Kesho yake ilizama mbali na pwani ya Pylos, Ugiriki; walinusurika 104, na inakadiriwa ilibeba hadi watu 750. Picha hazikukosekana. Mkizifunga zote, ndugu wa waliokufa, mawakili na waandishi watathibitishaje nani alijua nini na saa ngapi?

Mlinzi wa Anga
Hoja nzito, siipingi. Basi tutenganishe: Sentinel zibaki kama zilivyo, setilaiti mpya kali ziwe na kufuli, na picha zake za maafa zitolewe baada ya muda.

Ramani Nairobi
Baada ya muda gani? RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kilichoko hapa, kinatumia data za Sentinel kwa mazao na mafuriko. Hatukai mezani Brussels, lakini kufuli likibanwa huko tutaachwa gizani huku.

Fundi Rada
Swali hilo ndilo la kuandikwa kwenye kanuni kabla ya kitu kurushwa. Makadirio ya kwanza ya mafuriko hutakiwa ndani ya saa chache tangu picha ipokelewe. Ikicheleweshwa siku moja, boti za uokoaji zimeshaondoka bila ramani. Mlinzi, taja saa.