Kwa nini mama wa filamu za zamani lazima achukiwe na mwanawe?

Mwuliza swali:
Nimeitazama tena Stella Dallas ya mwaka 1937, iliyoongozwa na King Vidor, na jambo moja bado linanitatiza. Stella, anayeigizwa na Barbara Stanwyck, haridhiki kumwachia binti yake Laurel akaishi kwa baba mwenye nafasi; anajifanya pia mama asiyejali, anayetaka kuolewa na mlevi Ed Munn, ili binti aondoke kwa uchungu asirudi tena. Mwishoni anasimama mvuani akiitazama harusi ya mwanawe dirishani, leso mdomoni, huku askari akimhimiza aondoke. Je, uongo huo ulikuwa wa lazima?

Mpenda Sinema:
Ulikuwa wa lazima, ndugu yangu, kwa sababu Laurel ni mtoto mwema. Kumbuka kile kisa cha usiku ndani ya treni, wasichana wenzake wanapomcheka Stella kwa mavazi yake: mama na binti wote wawili wanasikia, na Laurel anapoteremka kumtazama mama yake, Stella anajifanya amelala. Mtoto wa namna hiyo hawezi kumwacha mama yake kwa kuombwa tu. Uongo ukishasemwa, watazamaji ndio wanaobaki na ukweli wote, na hapo ndipo machozi yanapotoka. The Old Maid ya mwaka 1939 inatumia mbinu hiyo hiyo: Charlotte, yaani Bette Davis, anaishi nyumba moja na bintiye wa kumzaa, naye binti anamwita Delia, binamu yake Charlotte, mama.

Msomaji wa Zamani:
Naafiki maelezo ya mbinu, lakini hayatuambii kwa nini anayejifuta, yaani anayejiondoa katika maisha ya mwanawe, ni mama wa aina fulani tu. Tangu mwaka 1934 Hollywood ilisimamia kwa ukali kanuni zake za maadili, hivyo mwanamke aliyezaa nje ya ndoa alitarajiwa kuadhibiwa. Stella, hata hivyo, aliolewa kihalali. Kosa lake ni bangili nyingi, kicheko kikubwa na asili ya kimaskini. Katika Imitation of Life ya mwaka 1959, ya Douglas Sirk, suala ni rangi. Annie, mama mweusi, anamfuata bintiye anayejipitisha kuwa mzungu, na mwenzake binti huyo anapoingia chumbani, Annie anajifanya yaya wake wa zamani. Juanita Moore, anayemwigiza Annie, anaigiza kwa utulivu kiasi kwamba nyota wa filamu hiyo, Lana Turner, anafifia kando yake (hayo ni maoni yangu). Anayesamehewa ni binti. Anayelipa ni yule ambaye jamii ilikwisha kumdharau.

Mwuliza swali:
Nashukuru. Basi hapakuwa na mama aliyekataa kujifuta?

Mpenda Sinema:
Tazama Mother India ya mwaka 1957, ya Mehboob Khan. Radha, aliyeigizwa na Nargis, anavumilia njaa na mkopeshaji kwa ajili ya wanawe, lakini Birju anapomteka binti wa mkopeshaji huyo, anampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa kulinda heshima ya kijiji. Nayo Mildred Pierce ya mwaka 1945 inamwonyesha mama aliyempa Veda kila kitu, akafikia hata kutaka kuibeba hatia ya mauaji aliyoyafanya binti huyo. Yeye hakukataa kujifuta; polisi ndio hawakumkubalia.